Ramani iache kwenye begi: kwa mnaoanza kazi ya uhifadhi Kigoma

Mdogo wangu uliyetoka chuoni ukapangiwa Uvinza au Kigoma vijijini, karibu. Mjini, watu wakisikia "kurudisha sokwe" wanawaza kreti inafunguliwa na mnyama anatoka mbio. Ya namna hiyo ipo. Kati ya 1966 na 1969, sokwe 17 waliotoka Ulaya waliachiwa kisiwani Rubondo, na kizazi chao kipo mpaka leo. Huku kwetu sokwe wapo, shida ni kwamba wamekatiwa njia. Sokwe jike akipevuka kwa kawaida huhamia kundi lingine. Sasa mzaliwa wa hifadhi ya Gombe, iliyobanwa na ziwa na mashamba, atapita wapi? Ushoroba anaouhitaji, yaani njia ya wanyama kati ya msitu na msitu, uko kwenye ardhi ya vijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeuweka uamuzi kijijini. Wewe na mradi wako ni wageni tu.

Mimi hilo nililijua darasani, halafu nikalisahau. Mwaka wangu wa kwanza niliingia kijijini na ramani tayari imechapishwa, bonde zima nimelipaka kijani kuwa ushoroba. Mkutano ukaitwa, hakuna aliyepinga, mahudhurio yakasainiwa, picha zikapigwa. Nikarudi mjini nimefurahi. (Mkutano usio na ubishi siku hizi unanitia wasiwasi.) Miezi michache baadaye miche tuliyopanda mpakani ikakutwa imeng'olewa. Bibi mmoja ndiye aliyenieleza: "Mwanangu, pale ulipopaka kijani ndipo tunapookota uyoga na mabungo. Mbona hukuuliza?"

Mabungo! Sokwe nao huyapenda. Kumbe swali moja tu lingenionyesha wanawake wanakopita na sokwe watakakopita. Tulichora upya, bibi akiwa mbele yetu na fimbo yake, akituonyesha vijito visivyokauka kiangazi. Picha yangu ya setilaiti haikuvionyesha, vilikuwa chini ya miti.

Kwa Watongwe nenda taratibu zaidi. Waliishi milima ya Mahale kabla haijawa hifadhi ya taifa mwaka 1985, na kilele cha Nkungwe kwao ni mahali patakatifu. Ukitamka "hifadhi", mzee anasikia "kuhamishwa". Usimjibu kwa ahadi. Andikeni kwenye muhtasari, kwa Kiswahili cha kueleweka, nini kitaendelea kuruhusiwa: mizinga ya nyuki, uyoga, dawa za miti.

Wakubwa wa mradi wakikuharakisha, wasimulie habari za Wayurok, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Mwaka 2003 wazee wao ndio waliochagua ndege wa kurudishwa kwanza, tumbusi mkubwa aitwaye kondori. Wa kwanza waliachiwa 2022. Wewe una bajeti ya miaka mitatu, kwa hiyo punguza maneno makubwa kwenye ripoti.

Mengine ni ya kawaida. Vijana wa kuhesabu viota wachaguliwe na mkutano, usiwachague wewe. Viota vyenyewe wafundishwe kuvitofautisha vipya na vya zamani, maana sokwe hujenga kipya karibu kila usiku na hesabu huvimba upesi. Mwenye mafua asiingie msituni hata kama ni bosi: magonjwa yetu ya kifua yanaua sokwe. Na mzee aliyewaongoza porini alipwe jioni hiyo hiyo, asiambiwe asubiri mfumo wa malipo.