Mume Wangu ni Mzee wa Kanisa, Lakini Uwanjani Humtambui

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mume wangu ni mzee wa kanisa hapa Moshi, mtu mpole ambaye nyumbani hainui sauti. Mwanetu wa miaka 11 ni kipa wa timu ya shule. Siku ya mechi mwenzangu hubadilika kabisa: humfokea refa, hurushiana maneno na wazazi wa timu pinzani, na mtoto akifungwa humwuliza mbele ya watu wote alikuwa anatazama nini. Siku hizi mtoto akifungwa haangalii mpira uliolala wavuni. Huangalia kwanza alipo baba yake. Nikimweleza, hunijibu kwamba mpira ndivyo ulivyo, na kwamba ya kanisani yabaki kanisani. Nifanye nini?

JIBU: Asifiwe milele, mama. Hayo ya kusema ya kanisani yabaki kanisani yananitisha kuliko kelele zenyewe, kwa sababu mtoto wa miaka 11 hana mizani miwili ya kumpimia baba yake. Jumapili anamsikia akisoma somo kwa unyenyekevu, Jumamosi anamsikia akimwita refa mwizi, na kwake yote yametoka katika kinywa kimoja. Paulo aliwaandikia Wakolosai: "Ninyi akina baba, msiwachokoze watoto wenu, wasije wakakata tamaa" (3:21). Kwa kipa, kukata tamaa huko huonekana kwa macho: krosi inapopigwa hatoki tena, hung'ang'ania mstari wa goli, maana ameshajua kwamba kipa asiyetoka halaumiwi kwa kutoka vibaya. Kocha atadhani ni woga wa mpira, kumbe ni woga wa baba.

Kuhusu refa, mumeo akumbuke kwamba katika mechi nyingi za watoto mwenye filimbi ni mwalimu au kijana wa mtaani aliyeombwa kusaidia, na kwamba sheria za soka zinasema uamuzi wake kuhusu matukio ya mchezo ni wa mwisho. Isitoshe, kelele nyingi za wazazi hutokana na kutojua. Kila msimu utasikia watu wazima wakidai kuotea (offside) baada ya mpira wa kurusha, ilhali sheria ya 11 inasema wazi kwamba mchezaji anayepokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye mpira wa kurusha, kona au goli kiki hawezi kuwa ameotea. Mtu anayemtukana mwenzake kwa kosa ambalo halikuwepo ana jambo la kutubu, hata kama timu yake ilionewa dakika kumi baadaye.

Ugonjwa huu hauko Moshi peke yake. Chama cha soka cha England kilipoanzisha mpango wake wa heshima viwanjani mwaka 2008, moja ya hatua zake ilikuwa kutenga kwa kamba au mstari mahali pa wazazi kusimama katika mechi za watoto. Kwa hiyo usimwaibishe mumeo kana kwamba ni yeye tu. Usimsahihishe pale uwanjani, wala njiani mkirudi na mtoto anasikiliza. Subiri jioni ya katikati ya wiki, mwambie jambo moja tu, lile la macho ya mtoto, kisha umwombe mechi ijayo asimame mbali na goli la mwanawe na atazame mwenyewe. Mpeni pia kazi ya mikono, kwa mfano kugawa maji kwa watoto wa timu zote mbili wakati wa mapumziko, kwa kuwa ni vigumu kumtukana mama wa mtoto uliyetoka kumpa kikombe. Na kwa refa aliyekwisha kumfokea aende akaseme, "Mwalimu, naomba radhi," mtoto akiwepo. Katika hili sioni njia ya mkato, na kwa mzee wa kanisa ndiyo haipo kabisa.

SWALI: Mchungaji, mwanangu yuko kidato cha kwanza. Mwalimu wa shule yake ya zamani ya msingi ananiomba nimruhusu acheze UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, ngazi ya wilaya kama mwanafunzi wa darasa la saba. Atapewa njumu mpya, na wanasema kila shule inafanya hivyo. Mimi ni mwimbaji wa kwaya. Nikikataa nitaonekana najidai mtakatifu. (Baba, Mwanza)

JIBU: Kataa, ndugu yangu. Huyo anaitwa mamluki, na hakuna kwaya inayombadilisha jina. Andiko lenyewe linatumia lugha ya michezo: "Hata mtu akishindana katika machezo hapewi taji, asiposhindana kwa halali" (2 Timotheo 2:5). Zaidi ya andiko, yuko mtoto wa darasa la saba atakayekaa benchi kwa sababu ya mwanao, na yuko mwingine mwenye mwili mdogo atakayegongana naye. Mwanao pia atalazimika kuitikia jina la darasa ambalo si lake, na wewe ndiye utakayekuwa umemfundisha.

Hesabu vilevile mwisho wa njia hiyo. Katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililofanyika Nigeria mwaka 2009, FIFA ilianza kupima wachezaji kwa picha za MRI za kifundo cha mkono, kwa kuwa mfupa wa hapo ukishaungana kabisa ni dalili kwamba kijana ameshapita umri huo. Cheti huandikwa upya, mfupa hauandikwi. Mwambie mwalimu faraghani na kwa heshima kwamba hutaruhusu, wala usimhubirie.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Ligi ya watoto mtaani kwetu huchezwa Jumapili saa mbili asubuhi. Je, ni dhambi kumpeleka binti yangu?

JIBU: Milele amina. Kwa Mkatoliki, sheria ya Kanisa inahesabu Misa ya Jumamosi jioni kuwa imetimiza wajibu wa Jumapili, hivyo kaulize parokiani kama ipo, au muwahi Misa ya kwanza. Msabato angeuliza swali hili kuhusu Jumamosi na angepata jibu jingine.

Wengi humtaja Eric Liddell, Mskoti aliyekataa mbio za mita 100 katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa sababu mchujo uliangukia Jumapili, kisha akashinda dhahabu ya mita 400 kwa sekunde 47.6. Wachache husimulia yaliyofuata. Akiwa mmisionari aliyezuiliwa na Wajapani katika kambi nchini China, ambako alifariki mwaka 1945, aliwaandalia vijana michezo lakini hakukubali ichezwe Jumapili. Vijana wakacheza hoki Jumapili bila mwamuzi, wakapigana. Jumapili iliyofuata Liddell mwenyewe alishika filimbi. Alipokuwa anaamua kwa ajili ya medali yake alikuwa mkali. Ilipokuwa kwa ajili ya watoto alilegeza. Zungumza na kocha mapema, kabla ratiba haijapangwa, uombe mechi zisogezwe hadi mchana. Pengine wazazi wenzako wanangoja mtu wa kuanza kuuliza.