Laki moja ya kujaribia matangazo ya Google

Dada, umeuliza kama laki moja inatosha kujaribu matangazo ya Google ya keki zako hapo Mwanza. Inatosha kujifunzia, ila usiimalize kwa pupa. Weka elfu saba kwa siku, wiki mbili. Siku moja wakikukata hadi elfu kumi na nne usishtuke: Google huruhusu matumizi ya siku kufika mara 2 ya bajeti, kisha hufidia siku nyingine.

Hela nyingi huvujia kwenye mpangilio wa eneo, yaani watu wa wapi waoneshwe tangazo. Mpangilio unaoukuta umeshawekwa hujumuisha hata wanaoonyesha kuvutiwa na Mwanza, kwa hiyo aliyeko Arusha anaweza kubofya na ukalipa wewe. Badili, chagua waliopo Mwanza tu. Halafu zuia tangazo lisiwatokee wanaotafuta maneno kama "mapishi" na "jinsi ya kupika". Hao wanataka kujipikia.

Andika matangazo mawili yanayotofautiana kitu kimoja: moja litaje bei, jingine lisitaje. Wingi wa mibofyo usikudanganye. Kila anayepiga simu muulize kama aliiona bei, andika kwenye daftari. Kwangu mimi lenye bei lilibofywa kidogo, lakini oda zilitoka huko.