Kabla hujaagiza konsoli nje kisa bei, soma hii kwanza

Wadau, hili swali naulizwa kila siku na washkaji wa gemu, "nimeona kule nje konsoli (mashine ya kuchezea gemu) ni bei chee, nimwambie jamaa aniletee?" Mimi nimeshaletewa mara kadhaa na sijutii, ila siku hizi kabla sijajibu nauliza kwanza hiyo bei uliyoiona ina kodi ndani au haina, maana hapo ndo wengi wanapotea.

Chukua Marekani, bei ya kwenye tangazo haina kodi ya mauzo, unaongezewa wakati wa kulipa na kila jimbo lina yake, Oregon hawana kabisa. Ulaya na Uingereza VAT ishawekwa humo humo, Uingereza ni asilimia 20. PS5, yaani PlayStation 5 ya Sony, ilipotoka 2020 ilikuwa dola 499.99 Marekani na euro 499.99 Ulaya, watu wakapiga kelele kwamba Ulaya wanaonewa, kumbe ukitoa VAT pengo linayeyuka. Sasa kuna nchi ushuru unaua kabisa, Brazil mwaka 2013 PS4 ilitangazwa reali 3,999 wakati Marekani ilikuwa dola 399, ukibadilisha hela ni zaidi ya mara nne! Wabrazili walikasirika, na haki yao.

Halafu kuna sarafu na bei kupandishwa. Agosti 2022 Sony walipandisha PS5 Ulaya, Uingereza, Japani na kwingineko, Marekani wakaiacha, ikaja kupanda dola 50 Agosti 2025. Kwa hiyo ile nchi aliyonunua rafiki yako mwaka juzi akafurahi, leo inaweza isiwe rahisi tena. Piga hesabu kwa reti ya leo, tena ile reti ya kadi yako ya benki, siyo ya Google.

Inayowavutia watu zaidi ni Japani kwa sababu yeni imeshuka sana, na hapa naomba unisikilize vizuri. Switch 2 ya Nintendo ilipotoka 2025 kule zilikuwa mbili, moja yeni 49,980 na nyingine ya lugha nyingi 69,980. Ile rahisi ina Kijapani tu, lugha hubadilishi, na inakubali akaunti ya Nintendo iliyosajiliwa Japani pekee. Naona hayo masharti wameyaweka makusudi ili wewe wa nje usiifuate hiyo bei rahisi, yaani ukikuta mtu anaiuza mtandaoni kwa bei ya kutupa muulize ni ipi, akianza kuzungukazunguka achana naye. Sony nao mwisho wa 2025 wakatoa PS5 ya namna hiyo hiyo, ya Japani tu, yeni 55,000.

Upande wa gemu zenyewe siyo mbaya, diski za PS5 zinacheza popote, ila DLC (nyongeza za gemu unazopakua) inabidi iwe ya kanda moja na diski, na nchi ya akaunti ya PSN (mtandao wa PlayStation) ukishaichagua huibadilishi. Kadi za zawadi nazo lazima ziendane na nchi ya akaunti. Ndo maana kama unachukua konsoli isiyo na sehemu ya diski fikiria mara mbili, hapo umefungwa na duka lao mazima.

Umeme angalia maandishi kwenye adapta au nyuma ya mashine, ikiandikwa 100-240V unahitaji kubadilisha plagi tu. Zile konsoli za zamani za Marekani na Japani nyingi hazina hiyo, ukichomeka kwenye 220 umekwisha.

Waranti mara nyingi inaishia nchi uliyonunulia, kwa hiyo mimi tofauti ikiwa ndogo, baada ya kujumlisha usafiri na ushuru wa kuingiza, nanunua karibu tu ili nimbane muuzaji ikiharibika. Tofauti ikiwa kubwa kweli naagiza, na namwambia anayeleta aiweke kwenye begi la mkononi na risiti asiitupe, forodhani wanaweza kuiulizia.