Mzinga Ukihamwa, Hesabu Utitiri Kabla ya Kununua Dawa

Siku hizi nyuki wakihama, neno la kwanza linalosikika ni utitiri, na la pili ni dawa. Ushauri wetu kwa wafugaji wa Unguja na Pemba ni mmoja: usitie chochote mzingani mpaka uwe na hesabu mkononi. Siafu, jua kali juu ya paa la bati lisilo kivuli, nondo wa nta na ukosefu wa maji vyote huhamisha nyuki, na dawa ya utitiri haimzuii siafu.

Mjue kwanza adui mwenyewe. Utitiri huu, yaani varoa, ni kidudu chekundu cha kahawia chenye miguu minane, na upana wake, kama milimita 1.6, unazidi urefu, mfano wa kaa mdogo. Chawa wa nyuki ana miguu sita, ni wa mviringo, na madhara yake ni madogo, wengi huwachanganya. Asili ya varoa ni nyuki wa Asia, na Kenya na Tanzania alitambuliwa mwaka 2009. Kwa miaka mingi ilidhaniwa anafyonza damu tu, mpaka utafiti uliotoka Marekani mwaka 2019 ulipoonesha kuwa chakula chake kikubwa ni tishu ya mafuta, ile inayomhifadhia nyuki akiba na kumjengea kinga. Tena hueneza virusi vinavyokunja mabawa. Ukiona nyuki wachanga wanatambaa chini ya mzinga na mabawa yamejikunja, hiyo ndiyo dalili ya kuifuatilia.

Sasa hesabu. Wengi huwanyunyizia nyuki sukari ya unga ili utitiri udondoke, lakini kwa unyevu wa visiwani, hasa masika, sukari hushikana mabonge na utitiri haudondoki. Maji ya sabuni ni bora, ingawa nyuki wa sampuli hufa. Toa sega lenye majana (watoto wa nyuki), hakikisha malkia hayupo juu yake (tazama mara mbili, nyuki wetu hukimbia sana), kisha likung'ute ndani ya beseni. Chota nusu kikombe cha kupimia, mililita 120, ambayo ni nyuki 300 hivi. Watie kwenye chupa ya mdomo mpana, mimina maji mpaka wafunikwe, ongeza kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya kuoshea vyombo. Zungusha chupa taratibu kwa dakika moja. Ukitikisa kwa nguvu povu litaficha utitiri. Mwaga kupitia wavu wa matundu ya milimita 3, na chini yake weka kitambaa cheupe. Suuza nyuki mara ya pili, kwani utitiri mwingine hung'ang'ania. Gawa idadi ya utitiri kwa idadi ya nyuki, zidisha kwa 100: ukipata 9 kwa nyuki 300, ni 3 kwa kila 100.

Kosa kubwa ni kuchota nyuki mlangoni. Hao ni wachumaji, na utitiri hupenda nyuki walezi wanaokaa karibu na majana, ili uingie kwenye chumba cha jana (kitundu cha sega) kabla hakijafunikwa kwa nta. Kosa jengine ni kusahau kwamba majana yakiwa mengi, zaidi ya nusu ya utitiri imo ndani ya vyumba vilivyofunikwa na maji ya sabuni hayaioni. Kwa hiyo fungua pia vyumba 100 vya majana ya dume kwa uma, uangalie vidoa vyekundu juu ya mwili mweupe. Dume hufunikwa siku nyingi kuliko kibarua (nyuki mfanyakazi), ndiyo maana utitiri humpendelea.

Ulaya na Marekani wengi huanza kutibu wakifika 3 kwa 100. Usiichukue namba hiyo kama amri. Nyuki wa Afrika mara nyingi hubeba utitiri bila kuanguka, maana husafisha majana yaliyoathirika na hugawanyika mara kwa mara, na kila mgawanyiko hukatiza uzazi wa utitiri. Dawa za kemikali hunasa kwenye nta, na huko zilikotumika sana utitiri umezizoea. Kwetu, ambako asali huuzwa kwa sifa ya usafi wake, hiyo ni hasara ya waziwazi.

Hesabu ikiwa kubwa, kata sega la dume lililofunikwa kabla hawajatoka, uwape kuku. Waachie nyuki asali ya kutosha. Unapopanua shamba, gawanya mizinga yenye hesabu ndogo, usigawanye ile inayolemewa. Pima upya msimu uleule, masika kwa masika, vuli kwa vuli, na uandike tarehe kwa chaki chini ya mfuniko. Na kundi la nyuki kutoka bara usilivushe kwa boti kuja kisiwani, hata ukipewa bure: weka chambo cha nta kwenye mzinga mtupu, kivulini kwenye mikoko au chini ya mikarafuu, wakati makundi ya hapahapa yanapogawanyika.