Kwa mchungaji kijana anayejiandaa kuuaga usharika wake

Chuoni tulifundishwa kuhubiri, kubatiza na kuzika, lakini kuaga wengi wetu tulijifunza kazini. Kwa kuwa baadhi yenu mtapata barua ya kwanza ya uhamisho hivi karibuni, ninawaandikia niliyojifunza katika sharika za Newala na Masasi, mkoani Mtwara. Ninaamini kwa moyo wote kwamba kuaga ni kukabidhi, na kwamba mchungaji ameaga vema pale ambapo washarika wako tayari kumpokea anayekuja.

Someni tena Matendo ya Mitume sura ya 20. Paulo, akiwa safarini kuelekea Yerusalemu, alituma watu kutoka Mileto hadi Efeso kuwaita wazee wa kanisa, kwa sababu hao ndio watakaobaki na kundi. Aliwakumbusha miaka mitatu ya utumishi wake, akasema wazi kwamba hakutamani fedha wala mavazi ya mtu, akawaonya, kisha akapiga magoti akaomba pamoja nao. Nanyi anzeni na wazee, siku ileile barua inapofika, kabla habari hazijazagaa sokoni.

Kazi inayodai muda mrefu zaidi ni hati ya makabidhiano. Vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa pamoja na daftari la sadaka hukaguliwa mbele ya katibu na mhazini, na hilo halina ugumu. Ugumu uko kwenye viwanja vya mitaa ya usharika ambavyo mzee fulani alivitoa kwa maneno tu. Fuatilieni maandishi kwenye halmashauri ya kijiji, ambayo ndiyo inayosimamia ardhi kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, wakati mtoaji na mashahidi wake wangali hai. Kisha andikeni orodha ya wagonjwa kwa undani ambao mgeni hawezi kuubuni: kwamba bibi fulani husikia kwa sikio la kushoto pekee, hivyo anayemsomea Zaburi akae upande wa ukutani, kwamba mzee mwingine apelekewe Chakula cha Bwana asubuhi, kabla dawa hazijamlaza. Mtembeleeni kila mmoja wao pamoja na mwinjilisti, ili mtu asiachwe na sura ngeni tupu.

Kuhusu zawadi, kumbukeni kwamba fedha za watu wetu hufuata korosho. Minada kwa kawaida huanza Oktoba, na ikifika Machi kaya nyingi zimeishiwa akiba. Mzee wa kanisa mwenye mapenzi mema akitangaza mchango wa kumuaga mchungaji wakati huo, mjane anaweza kuuza kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi anayelipa kabla ya mavuno, kwa bei ya kutupa, korosho ambazo bado hazijaokotwa, ili naye asionekane mtupu. Zungumzeni na wazee mapema, mkiwaomba chakula cha pamoja na maombi vitoshe. Ahadi za kuwatumia kitu baada ya mauzo msizipokee, maana zitakuwa deni juu ya watu ambao tayari wana ahadi kwa usharika wao.

Waageni pia majirani Waislamu, mwenyekiti wa kijiji na imamu, ambao tumesimama nao makaburini mara nyingi.

Mahubiri ya mwisho yawe mafupi. Ukristo wa huku ni wa kale, maana wamisionari wa Kianglikana walianza kazi Masasi mwaka 1876 na Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wakafika Ndanda mwaka 1906, kwa hiyo mshukuruni Mungu kwa waliowatangulia na mtajeni kwa jina mchungaji anayekuja.

Mkishahama, simu zitaendelea kuingia, hasa za misiba na ndoa. Pokeeni, mfarijini mtu, ombeni naye, kisha mwelekezeni kwa mchungaji wake wa sasa. Na hata familia ikiwasihi mkaongoze ibada, msisafiri mpaka yeye mwenyewe awaalike.