Jibu: Simu chini ya mto na seli za ubongo

Mkuu, umeuliza kama kulala na simu chini ya mto kunaua seli za ubongo au kukata DNA. Kukata DNA, hapana. Simu hutoa mawimbi ya redio, na nishati ya kila fotoni yake (kipande kidogo kabisa cha wimbi) ni ndogo mno kung'oa elektroni kwenye atomu, jambo linaloweza kuvunja DNA. Hiyo ni kazi ya eksirei na miale ya gama.

Kinachojulikana vizuri ni joto, nalo ni dogo. Ndiyo maana kuna kikomo cha SAR, yaani kipimo cha nishati ya mawimbi inayofyonzwa na mwili: Ulaya ni wati 2 kwa kilo ya mwili, Marekani 1.6.

Lakini seli si kwamba hazihisi kitu kabisa. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwawekea watu 47 simu sikioni kwa dakika 50, na sehemu ya ubongo iliyo karibu na antena ikatumia glukosi (sukari ya mwilini) zaidi kwa takriban 7%. Kama hilo lina madhara, utafiti ule haukuonyesha.

Mwaka huohuo IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, iliyaweka mawimbi haya kundi la 2B, yaani "huenda" yakasababisha saratani. Watu hulisoma hilo "huenda" kama "hakika"!

Na wale panya wa utafiti wa Marekani wa 2018, waliopata uvimbe moyoni baada ya kupigwa mawimbi ya simu? Walikuwa madume, wakipigwa mawimbi mwili mzima saa 9 kwa siku. Na cha ajabu, waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakupigwa.

Mimi ningehofia zaidi betri inayochajiwa chini ya mto. Iweke mezani.