Usizibe mdomo wa pampu, upanue

Dada, pole sana na vifaranga vya samaki. Umesema gapi wako, wale samaki wadogo wa mapambo, huko Lamu wamezaa mara mbili na mara zote pampu ya tangi imewafyonza watoto, na sasa wataka kufunga mdomo wake wa kuvutia maji kwa kipande cha neti ya mbu. Tafadhali usifanye hivyo. Hapa Malindi niliwahi kufanya mimi. Neti ilikuwa kuukuu, imefuliwa mara nyingi, nikadhani dawa imekwisha. Niliifunga magharibi. Saa nne usiku samaki walikuwa wakizunguka kama pia na kutetemeka, na alfajiri niliopoa 14 waliokufa. Dawa ya neti ni ya jamii ya pairethroidi, na samaki na kamba huuawa na kiasi kidogo mno cha dawa hiyo majini. Bado naumia nikikumbuka, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Kinachowamaliza vifaranga ni kasi ya maji pale mdomoni. Pampu yako umesema ni ya lita 600 kwa saa. Tuseme mdomo una kipenyo cha milimita 16: maji huingia kwa kasi ya sentimita 80 hivi kwa sekunde. Kifaranga wa siku moja, mwenye milimita 6 au 8, hawezi kushindana na mkondo huo. Maji yale yale ukiyapitisha kwenye eneo kubwa, kasi yake inapungua.

Chukua paipu ya plastiki ya nusu inchi, urefu wa sentimita 15, uzibe ncha moja kwa kifuniko chake. Toboa matundu 60 ya milimita 4 kwa drili. Wengine hutumia msumari wa moto, lakini moshi wa plastiki hiyo ni sumu. Matundu yawe machache upande wa pampu na mengi kwenye ncha ya mbali, kwa sababu karibu na pampu mvuto ni mkali zaidi. Piga msasa, suuza vumbi lote. Hapo kasi imeshashuka hadi kama robo, ila kifaranga mwembamba bado anapenya, kwa hiyo vika sponji.

Sponji ndiyo kazi yenyewe. Ya kuoshea vyombo iache, nyingi zina dawa. Kipande cha godoro nacho kilinisumbua: vitundu vyake ni vidogo, kiliziba kwa siku tatu na pampu ikachemka, maana pampu ya ndani ya maji hupozwa na maji yanayopita. Tafuta sponji ya chujio la samaki yenye vitundu vya wazi. Iweke mdomoni mwako upulize. Pumzi ikipita bila kusukuma, hiyo inafaa. Kuitoboa katikati ilinitesa mpaka nilipoilowesha na kuigandisha kwenye friza. Ikiwa ngumu, noa ukingo wa kipande kingine cha paipu, kizungushe taratibu, inakatika mviringo safi. Ikiwa na upana wa sentimita 6 na urefu wa 15, maji yataingia kwa kasi isiyofika sentimita 1 kwa sekunde. Kifaranga anasimama juu yake na kuondoka atakapo.

Kuunganisha na pampu, zungushia ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli iliyooshwa vizuri, kisha sukuma paipu iingie kwa nguvu. Gundi haina haja. Waya wa shaba usiutumie popote, hasa ukifuga kamba.

Kitu kizima kiinue vidole vitatu kutoka kwenye mchanga wa tangi. Mchanga wa ufuo wetu una chembe nyeusi nzito, na nilipofungua pampu yangu ya kwanza nilizikuta zimenata kwenye sumaku ya pangaboi, zimelikwaruza pande zote.

Maji yakianza kutoka kwa unyonge, kamulia sponji kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini humo humo. Maji ya mfereji yana klorini na huua bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki. Mimi husafisha kila baada ya wiki mbili, na sikamui mpaka ing'ae. Ule utando laini unaobaki vifaranga huudonoa kutwa.

Pima kipenyo cha mdomo wa pampu yako kwa rula uniandikie, nikuambie paipu ya kununua kabla hujaenda dukani.